Kwa Nini Msumari Wako Haushiki Kutu: Mwongozo Kamili wa Kuwaonyesha Watoto Mimenyuko ya Kila Siku

Malalamiko ni yale yale. Mzazi au mwalimu ametia misumari kwenye glasi za maji, watoto wameizunguka meza, siku ya kwanza imepita, ya pili imepita, na misumari inang'aa vilevile kama ilivyotoka dukani. Au mambo yanakwenda kinyume: msumari uliotakiwa kubaki safi ndio unaoshika kutu wa kwanza, na mtu mzima anabaki akieleza jambo ambalo glasi zenyewe zinalikanusha mbele ya macho ya watoto.

Mimi pia yalinikuta. Siku ya nne mwanangu alinitazama kwa huruma, akasema, "Baba, labda maji yetu ni mabovu." Maji hayakuwa na kosa lolote. Misumari ilikuwa imepakwa zinki, metali inayozuia kutu, nami sikujua kuitambua.

Mwongozo huu unawafaa watoto wa miaka 6 hadi 12. Unaanza na mimenyuko ya haraka, yaani mabadiliko ambayo vitu hugeuka kuwa vitu vipya, ili mtoto azoee kutabiri na kuangalia, ndipo uingie kwenye kutu, ambayo huja polepole. Ukiwa na haraka unaweza kuruka hatua ya kwanza. Hatua ya nne usiiruke hata kidogo, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

## Vifaa

Kusanya kila kitu kabla hujawaita watoto. Mtoto aliyekaa akikusubiri utafute msasa huwa ameshaondoka kimawazo.

- Misumari ya chuma ya kawaida, 15 hivi, ya ukubwa mmoja
- Misumari miwili au mitatu iliyopakwa zinki
- Msasa, sabuni ya maji na kitambaa kikavu
- Sufi ya chuma, yaani zile nyuzi laini za kusugulia sufuria
- Glasi tano zinazofanana, na mtungi mmoja wenye kifuniko kinachobana
- Siki nyeupe, bekingi soda, chumvi, unga wa manjano, limau au ndimu, mafuta ya kupikia
- Chupa ya plastiki ya nusu lita na puto
- Vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, vile vinavyopatikana ndani ya makasha ya viatu
- Rangi ya kucha au rangi yoyote ya kupaka chuma
- Mshumaa mfupi, karatasi nyeupe, kalamu na daftari

Vitu vitatu katika orodha hii ndivyo vinavyowaponza watu.

Cha kwanza ni msumari, ambao nitaurudia kwa kirefu katika hatua ya nne.

Cha pili ni sufi ya chuma. Kuna nyuzi za kusugulia zilizotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu: ni nene, zimejikunja kama vipande vya utepe, nazo hubaki ziking'aa pembeni mwa sinki mwaka mzima. Hizo hazitakusaidia. Unataka zile laini kama nywele, ambazo ukiziacha na maji usiku mmoja asubuhi zimegeuka rangi.

Cha tatu ni bekingi soda. Wengi hununua bekingi pauda wakidhani ni kitu kilekile. Bekingi pauda ni bekingi soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu pamoja na wanga. Jaribu kijiko kidogo kwenye maji baridi yasiyo na kitu: pauda itatoa povu papo hapo, soda itayeyuka kimyakimya.

## Maonyo kabla ya kuanza

Maji ya moto na moto wenyewe ni kazi ya mtu mzima peke yake. Sufi ya chuma iwekwe mbali na mshumaa, kiberiti na betri, kwa maana nyuzi zake ni nyembamba kiasi cha kushika moto.

Usiongeze kitu ambacho hakimo kwenye orodha. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zinazochoma mapafu. Wala usiseme "kidogo tu tuone". Soda kali ya kutengenezea sabuni nayo si bekingi soda, ingawa zinashea jina: ile huunguza ngozi na macho. Ikiwa kopo halina maandishi, liache.

Chupa yenye siki na soda isifungwe kwa kifuniko kamwe. Gesi ikikosa pa kutokea huipasua.

Kuhusu pepopunda, watu wazima wengi huamini inaletwa na kutu yenyewe. Inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Msumari wenye kutu uliolala nje una nafasi nzuri ya kuwabeba, na jeraha la kuchomwa ni lenye kina, jambo linalowafaa. Kwa hiyo tumia misumari mipya, na mtoto akichomwa na msumari wowote, safisha jeraha na uulizie chanjo yake kituo cha afya.

## Hatua ya 1: Badiliko lisilo mmenyuko

Koroga chumvi ndani ya maji mpaka isionekane. Waulize watoto kama imekwisha. Kisha mimina kijiko kimoja cha maji hayo kwenye sahani na uyaache yakauke.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba mtoto anahitaji kwanza kuona kitu kinachojificha bila kugeuka. Chumvi ilikuwa chumvi, ikayeyuka ikiwa chumvi, ikarudi chumvi. Katika mmenyuko wa kikemikali, vitu vilivyoingia havitoki vile vile. Hutoka vipya, na kuvirudisha si kwa kukausha sahani.

Umefanikiwa ukiona ukoko mweupe kesho yake.

## Hatua ya 2: Manjano yanayogeuka

Changanya nusu kijiko cha unga wa manjano na vijiko viwili vya maji, paka kwenye karatasi nyeupe, acha ikauke. Mwombe mtoto achovye kijiti kwenye maji ya bekingi soda na aandike herufi ya jina lake juu ya karatasi. Herufi itatokea kwa rangi ya wekundu wa hudhurungi. Kisha agusishe tone la limau juu yake: manjano yatarudi.

Limau na siki ni asidi. Bekingi soda, sabuni na maji ya majivu ni alikali. Rangi iliyo ndani ya manjano hubadilika inapokutana na alikali. Hilo linatosha kwa mtoto wa miaka saba, huna haja ya kuingia ndani zaidi.

Kama rangi haigeuki, mara nyingi maji ya soda ni mepesi mno. Tumia kijiko cha chai kizima kwa robo glasi ya maji, au badala yake maji mazito ya sabuni ya kipande. Na funika meza: manjano hayatoki kirahisi kwenye kitambaa, na ukifua kwa sabuni doa litageuka jekundu kwanza. Watoto hulipenda sana hilo. Mwenye kitambaa hapendi.

## Hatua ya 3: Puto linalojipuliza

Mimina mililita 70 za siki ndani ya chupa. Tia kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, kilichosawazishwa, ndani ya puto. Vika mdomo wa puto kwenye shingo ya chupa bila kumwaga soda, kisha liinue ili soda idondoke.

Vipimo hivyo vina sababu. Siki ya kawaida ina asidi yapata asilimia 5, na kiasi hicho cha siki kinatosha karibu kabisa kumaliza kijiko kimoja cha soda. Gesi inayotoka ni zaidi kidogo ya lita moja, yaani puto lenye ukubwa wa balungi. Gesi hiyo ni kabonidayoksaidi, au hewa ukaa.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: waambie watoto walikuze puto. Karibu wote watasema, "Tuongeze soda." Waongezee. Vijiko viwili, siki ileile. Puto halitakua, na chini ya chupa utabaki unga mweupe ambao haukupata mwenzake. Waache waukodolee macho. Mmoja wao atasema siki ndiyo iliyokwisha, na akisema yeye litakaa kichwani kuliko ukisema wewe mara kumi.

Waguse chupa pia. Itakuwa ya baridi, kwa sababu mmenyuko huu huchukua joto kutoka kwenye kimiminika. Weka hisia hiyo akilini mwao, tutaihitaji kwenye hatua ya saba.

Ukitaka nyongeza, fanya mmenyuko huo ndani ya jagi, subiri povu litulie, kisha mimina hewa iliyo ndani (gesi peke yake, bila tone la siki) juu ya mshumaa uliowashwa ndani ya glasi fupi. Mwali utazimika. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inamiminika kama maji yasiyoonekana. Feni ikiwa inazunguka, hutafanikiwa.

## Hatua ya 4: Kuandaa misumari

Hapa twende taratibu.

Msumari unaouzwa haukusudiwi kushika kutu. Kiwanda kinafanya kila kiwezalo kuuzuia: ama kinaupaka zinki, ama kinauacha na utando mwembamba wa mafuta. Wewe unataka kinyume chake. Unataka chuma kitupu.

Jaribio la usiku mmoja. Chukua msumari mmoja kutoka kila aina uliyo nayo. Usugue kwa msasa upande mmoja, uvingirishe kwenye karatasi laini iliyolowa maji ya chumvi, uuache kwenye sahani usiku kucha. Asubuhi, ukikuta madoa ya kahawia kwenye karatasi, aina hiyo inafaa. Ukikuta karatasi safi au ukungu mweupe, hiyo ni ya zinki au ni chuma kisichoshika kutu. Usiitupe: ya zinki tutaitumia hatua ya tisa.

Watu wengine hutumia sumaku kuchagua. Haitoshi. Sumaku hunasa msumari uliopakwa zinki kwa sababu ndani yake ni chuma, na hunasa baadhi ya vyuma visivyoshika kutu pia.

Usafishaji. Osha misumari iliyofaulu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni nyingi ili kuondoa mafuta. Isuuze. Isugue kwa msasa pande zote mpaka ing'ae sawasawa, kisha ifute kwa kitambaa kikavu. Watoto wanaiweza kazi hii, ila awashikie mtu ncha.

Usiishike kwa vidole baada ya hapo. Vidole vina mafuta na chumvi. Nimewahi kuona msumari ulioshika kutu kwa umbo la alama ya kidole gumba, nzuri kwa kweli, lakini si jaribio tulilokuwa tunalifanya. Tumia kipande cha kitambaa.

Iingize kwenye glasi ndani ya saa moja. Msumari uliosafishwa leo na kutumiwa kesho utakuwa umeanza safari peke yake.

## Hatua ya 5: Mipango mitano

Kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja: maji na oksijeni. Kikikosekana kimoja, haiji. Mpango mzima hapa ni kumnyima msumari kitu kimoja kila mara. Weka misumari miwili kila mahali, ili mmoja ukileta ubishi mwenzake auamue.

Glasi A, maji na hewa. Maji ya kawaida yafike katikati ya msumari, nusu yake ibaki juu. Watu hupenda kuuzamisha wote, nao huchelewa, kwa kuwa oksijeni iliyoyeyuka majini ni kidogo na hufika chini polepole.

Glasi B, maji ya chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa mililita 200 za maji, kina kilekile cha A. Hapo umepata asilimia 3 hivi, karibu na maji ya bahari. Usijaze chumvi ukidhani nyingi ndiyo bora: maji yaliyojaa chumvi hubeba oksijeni kidogo, na kutu inaweza kupungua badala ya kuongezeka.

Glasi C, maji bila hewa. Hii ndiyo inayowaangusha wengi. Chemsha maji yatokote kwa dakika kumi ili kufukuza hewa iliyoyeyuka. Pasha glasi kwa maji ya uvuguvugu isipasuke, weka misumari, mimina maji yangali ya moto, polepole na bila kuyapiga, mpaka misumari izame yote. Papo hapo funika kwa mafuta ya kupikia, kina cha sentimita moja. Ukiyaacha yapoe kwanza ndipo utie mafuta, hewa itakuwa imerudi majini na utakuwa umejifanyia glasi A nyingine. Mtu mzima peke yake ndiye anayemimina.

Mtungi D, hewa bila maji. Mtungi mkavu, vifuko vitatu au vinne vya kunyonya unyevu chini, misumari juu, kifuniko kikazwe. Mchele mkavu, ambao watu hupenda kuutumia badala yake, hunyonya kidogo mno. Waambie watoto vifuko hivyo havifunguliwi wala haviendi mdomoni.

Glasi E, chuma kilichovikwa. Msumari mmoja upakwe mafuta, mwingine rangi ya kucha tabaka mbili hadi kwenye ncha, ikauke kabisa. Kisha maji ya kawaida kama A.

Andika herufi na tarehe kwenye kila glasi. Zote zikae mahali pamoja, kivuli kimoja, joto moja. Ukiiweka A dirishani na B kabatini, mwishoni hutajua ni chumvi au ni jua lililofanya kazi.

Kabla hujaondoka mezani, kila mtoto aandike au achore anachotarajia, kutoka glasi itakayowahi hadi itakayochelewa. Usisahihishe. Hata uso wako usiseme kitu. Utabiri ambao mtoto ameusoma machoni mwa mwalimu si wake tena.

## Hatua ya 6: Kusubiri bila kuchosha

Angalieni mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa muda wa dakika tatu tu. Mtoto achore msumari na kutia rangi pale alipoona badiliko. Picha ya simu inasaidia, lakini mchoro unamlazimisha kutazama.

Glasi B kwa kawaida huanza ndani ya siku moja: kwanza wingu hafifu la rangi ya chungwa, kisha vumbi la kahawia chini. A hufuata. Kutu hujikusanya mara nyingi karibu na usawa wa maji na chini yake kidogo. Usitikise glasi ili "kuona vizuri", utaingiza hewa, na ukiitikisa C umeiharibu.

Siku hizi za kungoja ndizo za kufanya hatua mbili zinazofuata.

## Hatua ya 7: Kutu ya haraka, na mahali oksijeni inapoenda

Loweka donge la sufi ya chuma kwenye siki kwa dakika kumi ili kuondoa mafuta ya kiwandani, lisuuze, likamue sana. Lisukume chini kabisa ya glasi ndefu iliyonyooka, likwame ili lisianguke. Pindua glasi juu ya sahani yenye maji, weka alama usawa wa maji ulipo ndani, uache mpaka kesho.

Sufi hushika kutu haraka kuliko msumari kwa sababu nyuzi nyingi nyembamba zina eneo kubwa la kukutana na hewa. Ni sababu ileile inayofanya vijiti vishike moto kabla ya gogo.

Kesho yake maji yatakuwa yamepanda. Hewa ina oksijeni yapata asilimia 21, hivyo katika glasi yenye sentimita 10 za hewa, tarajia maji yapande karibu sentimita 2 na hapo yasimame. Oksijeni imeingia kwenye kutu, hewa ya ndani imepungua, na hewa ya nje imeyasukuma maji juu. Mtoto anaiona hewa ikigeuka sehemu ya kitu kigumu. Sijui jaribio la nyumbani linalozidi hili kwa uzuri.

(Kuna lile la mshumaa chini ya glasi, ambapo maji hupanda pia na watu husema ni oksijeni iliyoisha. Sehemu kubwa ya kupanda kule hutokana na hewa iliyopashwa moto kisha ikapoa. Tumia hili la sufi.)

Maji yasipopanda, angalia mambo matatu: sufi ni ya aina isiyoshika kutu, ilikuwa kavu mno, au mdomo wa glasi ulikuwa juu ya maji.

Ukiwa na kipimajoto, kizungushie sufi iliyotoka kwenye siki, kifunike na mfuko kwa dakika tano. Joto litapanda nyuzi kadhaa. Wakumbushe chupa ya baridi ya hatua ya tatu. Mmenyuko mmoja ulivuta joto, huu unalitoa.

## Hatua ya 8: Mizani dhidi ya lugha

Lugha yetu ina maneno matatu ya jambo hili, na kila moja lina nadharia yake ndani. Tunasema chuma *kimeota* kutu, kana kwamba ilichipua kutoka ndani. Tunasema *kimeshika* kutu, kana kwamba ilitoka nje ikanasa. Na tunasema *kimeliwa* na kutu. Mtoto anayelijua neno hili la tatu atakwambia kwa uhakika kwamba msumari wenye kutu ni mwepesi kuliko mzima. Kilicholiwa hupungua, si ndiyo?

Pima. Chukua donge la sufi lililooshwa na kukauka kabisa, gramu 20 hivi, uliweke kwenye sahani ndogo na upime vyote pamoja. Lilowanishe kwa maji, lianike, lilowanishe tena, kwa wiki nzima, bila kuliondoa sahanini ili vumbi lisipotee. Mwisho likauke juani siku nzima ndipo upime. Uzito utakuwa umeongezeka. Oksijeni iliyotoka hewani sasa imo mizanini. Kama gramu 10 za chuma zingegeuka zote kuwa oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, zingekuwa gramu 14 na zaidi, hata kabla ya kuhesabu maji yanayobaki ndani ya kutu.

Mbona basi mabomba na malango huonekana yameliwa? Kwa kuwa kutu ni dhaifu, huvimba na kubambuka, ikaacha chuma kipya wazi nacho kikashika. Kinachoonekana kuliwa kimedondoka.

Makosa hapa ni moja tu: kupima sufi yenye unyevu. Ukiona uzito umeruka kwa kiasi cha ajabu, unapima maji.

## Hatua ya 9: Kusoma matokeo na kujaribu kinga

Siku ya tano panga glasi zote kwenye mstari. Unachotarajia ni hiki: B ina kutu nyingi kuliko zote, A inafuata, C na D ni safi au karibu safi, E ni safi isipokuwa pale rangi ilipokosa kufika. Usiiache C wiki tatu. Mafuta huchelewesha oksijeni lakini hayaizuii kabisa, na hatimaye itapenya.

Matokeo yakipotoka, usiyafiche. C ikishika kutu, watoto watafute hewa iliingilia wapi. D ikiwa na madoa, misumari iliingia ikiwa na unyevu. A na B zikilingana, angalia kama chumvi ilikorogwa ikayeyuka.

Mtoto atauliza mbona sufuria za alumini hazishiki kutu. Jibu fupi: jina la kutu ni la chuma peke yake. Alumini nayo huungana na oksijeni, ila utando wake ni mwembamba, umeshikamana, haubambuki, hivyo unailinda. Chuma kisichoshika kutu hufanya vivyo hivyo kwa msaada wa kromi, ambayo huwa angalau asilimia 10.5 hivi ya mchanganyiko wake.

Sasa toa ile misumari ya zinki. Ukwaruze mmoja kwa ncha ya msumari mwingine mpaka chuma kionekane kwenye mstari mmoja mwembamba. Kwaruza pia msumari mkavu uliopakwa rangi. Yote miwili iingie kwenye maji ya chumvi kwa siku mbili au tatu. Wa rangi utatoa kutu kwenye mkwaruzo. Wa zinki utaota ukungu mweupe, na mkwaruzo utabaki bila kahawia. Zinki hukubali kuharibika kwanza badala ya chuma kilicho jirani nayo, hata pale isipokifunika. Ndiyo maana meli za chuma hufungiwa vipande vya zinki chini ya maji, na vikiisha hubadilishwa. Misumari ya zinki isisuguliwe kwa msasa na watoto, mkwaruzo mmoja wa mtu mzima unatosha.

## Hatua ya 10: Kuiondoa kutu

Tumbukiza misumari ya A na B kwenye siki usiku kucha, chombo kikiwa wazi. Asidi huyeyusha kutu, na siki itageuka rangi ya chai. Asubuhi isugue kwa mswaki wa zamani.

Kisha, kabla ya kuisuuza, itie kwenye maji ya bekingi soda. Povu dogo litatokea juu ya misumari. Kaa kimya. Aliyeipenda hatua ya tatu atalitambua povu hilo na kukwambia siki bado ilikuwepo.

Isuuze, ikaushe mara moja, uipake mafuta. Mmoja uache bila mafuta, ukiwa na unyevu, kando ya sinki. Kabla ya jioni utakuwa umeanza utando mwembamba wa rangi ya chungwa, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki ni kitupu kuliko ulivyokifanya kwa msasa.

Maji yote ya majaribio humwagwa sinkini kwa maji mengi, isipokuwa mafuta ya glasi C, ambayo yafutwe kwa karatasi na kutupwa na taka. Glasi zilizobeba misumari na rangi zisirudi kunywea. Ziwekee herufi zake na daftari lake kwenye boksi moja, kwa kuwa wiki ijayo kuna mtu atataka kujua itakuwaje ukiweka msumari kwenye maziwa.